Alisubiri nje na pikipiki: je, naye amevunja duka?

Swali: "Shikamoo wakili. Ninakuandikia nikiwa Kiborloni, Moshi. Mdogo wangu ana miaka 23, anaendesha bodaboda, kijiwe chake kiko Mbuyuni. Alhamisi iliyopita saa saba usiku mteja wake wa siku zote alimpigia simu. Akamchukua yeye na mwenzake, akawapeleka Pasua, wakamwambia asubiri. Alikaa kama dakika ishirini. Wakarudi na viroba viwili, akawapeleka Soweto, wakampa elfu thelathini. Kwa kawaida safari hiyo usiku haizidi elfu tano. Alfajiri alikuja kwangu akasema, 'Dada, nadhani nimebeba wezi.' Nikamwambia akae ndani, pikipiki tukaifunika turubai nyuma ya nyumba. Jumamosi askari na mgambo walikuja kumuulizia, nikawaambia yuko Rombo. Jumapili wakamkamata. Duka lililovunjwa ni la vifaa vya umeme, zimeibwa nyaya. Mlinzi alikuwa amelala, hawakumgusa. Mmoja wa wale wawili amekamatwa na ameandikisha kwamba mdogo wangu alijua kila kitu. Kitochi chake kimebaki kwangu, na ndani kuna meseji ya yule mteja: 'Zima taa ukikaribia.' Kaka yetu mkubwa anasema tuifute. Wakili, mtu ambaye hata dukani hakuingia anafungwa kwa kosa gani? Na mimi nina kosa? Zile elfu thelathini ziko kwangu kwenye kopo la majani ya chai, naweza kuzitumia kutafuta wakili?"

Jibu: Marahaba, dada. Pole, na mpe pole mama, maana najua mambo haya humlemea nani zaidi nyumbani. Barua yako nimeipunguza, na vitu viwili vitatu nimevigeuza ili msitambulike. Mkasa nimeuacha ulivyo.

Nianze na hilo kubwa. Ndiyo, anaweza kutiwa hatiani kwa kuvunja duka na kuiba, ingawa mguu wake haukukanyaga kizingiti. Tena jiandae: siku hati ya mashtaka itakaposomwa, usitegemee kusikia neno "alisaidia". Utasikia kwamba mshtakiwa wa kwanza, wa pili na wa tatu, kwa pamoja, walivunja na kuingia. Nimeshaona ndugu wakiguna kwa sauti mahakamani wakisikia hivyo, na mzee mmoja akasimama kabisa kumsahihisha mwendesha mashtaka: "Huyu hakuingia, mheshimiwa!" Hakimu alimkalisha kwa upole. Mwendesha mashtaka hakuwa amekosea.

Ruhusa hiyo anaipata kwenye kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kosa likitendeka, sheria inawahesabu watu wa aina kadhaa kuwa wote wamelitenda. Yumo aliyelitenda kwa mkono wake. Yumo aliyefanya jambo, au aliyeacha kufanya jambo, kwa lengo la kumwezesha mwenzake (mlinzi anayeacha kofuli wazi makusudi hajafanya kitu, lakini yumo). Yumo aliyesaidia au kuchochea wakati kosa linatendeka. Na yumo aliyeshauri au kumtuma mwingine akatende. Kila mmoja wao anaweza kushtakiwa kana kwamba ndiye aliyeshika nondo, na adhabu inayomkabili ni ileile ya mshika nondo. Hakimu anaweza kumpunguzia kwa kuangalia sehemu aliyoshika, lakini hapo tumeshafika kwenye adhabu. Kuhusu hatia, sheria haina hatia nusu.

Kanuni hii ilianza kutumika mwaka 1930. Kabla ya hapo Tanganyika ilikuwa inatumia kanuni ya adhabu ya India, yenye sura nzima ya wachochezi na wasaidizi. Kanuni ya 1930 iliwakusanya wote kwenye kapu moja, na mpaka leo wanafunzi wa sheria wanaikariri namba 22 kama namba ya simu ya nyumbani.

Lakini kusaidia peke yake hakumtoshi mtu kuingia kwenye kapu hilo. Dereva wa daladala aliyembeba mwizi kutoka Majengo hadi stendi amemsaidia kufika, na hana kosa lolote, kwa sababu hakujua anambeba nani wala anakwenda kufanya nini. Anayehesabiwa kuwa mtenda kosa ni yule aliyesaidia akijua anasaidia nini. Kwa hiyo kesi ya mdogo wako haitakuwa juu ya alichofanya. Alichofanya kinajulikana, na sidhani atakikana: aliwapeleka, alisubiri, aliwabeba. Ubishi wote utakuwa juu ya saa. Alijua saa ngapi?

Fuatana nami taratibu hapa, kwa sababu jibu la swali lako lote limelala katika masaa yale machache kati ya saa saba na alfajiri.

Kama alijua tangu Mbuyuni, kabla hajapiga kiki, kwamba anawapeleka watu kwenda kuvunja, basi ni mtenda kosa kama wao. Pikipiki ndiyo mchango wake, na kusubiri ndiyo kazi aliyopewa.

Kama alitoka Mbuyuni hajui, akafika Pasua, akakaa pale gizani, akasikia bati linalia au kofuli linagongwa, akaelewa, kisha akabaki, hapo pia yumo. Wengi hawaamini hili. Wanasema, "Lakini alikuwa ameshafika, angefanya nini?" Angeondoka. Kuanzia dakika aliyoelewa, kusubiri kwake si kusubiri abiria tena. Sasa anawahakikishia wezi kwamba wakitoka watakuta usafiri, na kosa bado linaendelea ndani.

Kama alielewa walipotokea na viroba, mambo yanabadilika. Mlango ulishavunjwa, na yeye hakusaidia kuuvunja kwa maana ya sheria, kwa kuwa alikuwa hajui. Alichofanya baada ya hapo ni kubeba kitu anachojua, au ana sababu ya kuamini, kwamba ni cha wizi. Hilo ni kosa jingine: kupokea mali ya wizi, au kuwasaidia wahalifu baada ya kosa. Bado ni jela ikithibitika, ila ni mashtaka mengine na hadithi nyingine, na upande wa mashtaka ukiona mambo hayajakaa sawa huwa unayaweka kama mashtaka mbadala. Wizi wenyewe uliisha lini, mlangoni au Soweto viroba viliposhushwa? Hapo mawakili tunaweza kubishana mpaka chai ipoe, na huenda wakili wake akalazimika kubishana.

Na kama alielewa baadaye, akiwa njiani kurudi, akiiangalia ile hela na kujiuliza kwa nini ni nyingi hivyo, basi hana kosa la kuvunja wala la kupokea. Alifanya kazi yake, akaja kugundua alikuwa amewafanyia kazi watu wabaya.

Sasa hakimu atajuaje alijua saa ngapi? Hakuna anayefungua kichwa cha mtu akachungulia. Anasoma mambo yaliyomzunguka, na ndiyo maana ile meseji ya maneno matatu imenifanya niweke kalamu chini kidogo.

"Zima taa ukikaribia." Upande wa mashtaka utaisoma hivi: mtu anayeambiwa azime taa saa saba usiku ameshaambiwa kila kitu, na kama hakuuliza ni kwa sababu hakuhitaji kuuliza. Utetezi una la kusema. Waendesha bodaboda wa usiku huombwa kuzima taa kila siku, kwa sababu zao. Yupo mteja anayeogopa kuamsha baba mwenye nyumba, na yupo asiyetaka taa imulike dirisha ambalo mkewe amelala nyuma yake. Hilo halisemwi kwa utani, ni utetezi, na hakimu anayekaa Moshi anaujua mji wake. Meseji hiyo ikisimama peke yake, mimi nisingeiogopa sana. Tatizo haisimami peke yake. Inasimama na saa, na dakika ishirini, na viroba, na hela mara sita ya nauli.

Na kuhusu hela, liko swali ambalo wewe hukulijibu, na pengine hukujua kama ni swali: bei ilipangwa lini? Kama walikubaliana elfu thelathini kwenye simu kabla hajatoka kijiweni, hiyo ni bei ya kazi anayoijua. Hakuna anayelipa elfu thelathini kwa safari ya elfu tano halafu dereva asiulize. Lakini kama nauli ilikuwa ileile ya siku zote na wale watu walimpa thelathini Soweto, wakishuka, basi hela hiyo inaweza kusomwa kwa namna nyingine kabisa, kuwa ya kumfunga mdomo mtu ambaye mpaka dakika ile hakuwa mwenzao. Hela ni ileile, noti ni zilezile, lakini moja inamfunga na nyingine inamwokoa. Wakili wake atataka kujua pia mambo ambayo kwa ndugu yanaonekana ya kipuuzi: aliizima injini? Aliigeuza pikipiki ikaangalia barabarani? Alisimama mbele ya duka au mtaa wa pili? Alichukua abiria mwingine baada ya kutoka Soweto, kama usiku wa kawaida, au alikuja moja kwa moja kwako?

Utaniambia, "Labda alihisi tu, hakujua." Hapo uwe mwangalifu. Miaka mingi nyuma nikiwa wakili mchanga nilimtetea fundi wa funguo, kibanda chake kilikuwa Arusha mjini. Kijana mmoja alimletea kipande cha sabuni ya kufulia chenye alama ya ufunguo iliyokandamizwa pande zote mbili. Fundi akauchonga, akalipwa, akaendelea na kazi. Nyumba ilifunguliwa wiki hiyohiyo kwa ufunguo ule. Mteja wangu alishikilia kwamba hakujua ni nyumba gani wala ni siku gani, na nadhani alikuwa anasema kweli. Hakimu alimuuliza swali moja: "Mwenye mlango wake anakuletea ufunguo kwenye sabuni?" Fundi akanyamaza. Nami nikanyamaza. Alitiwa hatiani, na nikisoma nukuu zangu leo bado naona hakimu alikuwa sahihi.

Baadaye nilikuja kukuta kwamba Waingereza walishalipitia. Katika shauri la Bainbridge, lililoamuliwa huko miaka sitini na zaidi iliyopita, mtu alinunua mitambo ya gesi ya kukatia chuma kwa niaba ya wenzake, ikatumika kuvunja benki London. Alisema alihisi wana jambo baya, labda la kukata mali za wizi, ila la benki hakulijua. Mahakama ikasema si lazima ajue siku wala mahali, inatosha ajue aina ya kosa linalokusudiwa. Maamuzi ya namna hiyo hayazifungi mahakama zetu, ila huwa yanasomwa na kusikilizwa. Kuhisi kitu chochote kibaya tu, bila kujua ni cha aina gani, hakutoshi. Lakini mtu aliyefumba macho makusudi ili asione, mahakama haina haraka ya kumhesabu kuwa hakuona.

Upande wa pili, kuwepo mahali si kosa. Huko huko Uingereza, mwaka 1882, watazamaji wa pambano la ngumi lisiloruhusiwa walishtakiwa kwa kusaidia, na hatia yao ikafutwa: kusimama na kutazama peke yake si kusaidia, ingawa kunaweza kuwa sehemu ya ushahidi wa kusaidia. Hili nalisema pia kwa faida ya wasomaji wengine, kwa sababu ya kile tunachokiita wananchi wenye hasira kali. Anayepita akaona mtu anapigwa hajawa muuaji. Lakini anayepiga kelele "mchome!", anayekimbia kuleta tairi, na anayempa mwenzake kiberiti akijua ni cha nini, hao wameshaingia kwenye kifungu cha 22 wakiwa wamesimama palepale na mikono yao safi. Iliyokuwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema tangu 1943, katika shauri la Tabulayenka, kwamba nia ya pamoja inaweza kusomwa kutokana na watu kuwepo, na walivyotenda, na kushindwa kwa yeyote kati yao kujitenga. Hiyo ya kujitenga ndiyo inayonirudisha kwenye zile dakika ishirini za Pasua.

Umeandika, kama kitu cha kupita tu, kwamba mlinzi alikuwa amelala na hawakumgusa. Dada, usingizi wa yule mzee umewaokoa kuliko wakili yeyote atakavyowaokoa. Kifungu cha 23 kinasema watu wakiwa na nia ya pamoja ya kufanya jambo haramu, na katika kulifanya likatendeka kosa jingine ambalo ni matokeo yanayoweza kutarajiwa ya jambo lile, kila mmoja anahesabiwa kuwa amelitenda. Chukua usiku uleule na watu walewale. Wameingia na panga, mlinzi ameamka, wamemkata au wamemtishia, wamebeba nyaya. Hapo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lisilo na dhamana, lenye kifungo kisichopungua miaka 30. Dereva aliyekubaliana nao kwenda kuvunja duka lenye mlinzi usiku hawezi kusema kwa urahisi, "Sisi tulikubaliana wizi tu." Ataulizwa: mlipopanga kuvunja duka lenye mlinzi, mlitarajia akiamka atawakaribisha? Kama aliliona panga kiunoni mwa abiria wake wakati anapanda, jibu limeshapatikana. Kama mwenzao alifanya kituko ambacho hakuna aliyeweza kukitarajia, hapo kifungu hakimfikii. Ila mstari huo huwa unachorwa baadaye, na mtu mwingine, mwenye muda wa kufikiri.

Kwa hali mnayoielezea, kosa lake lina dhamana. Tafuteni wadhamini wenye kitambulisho cha taifa na barua ya mtendaji, msisubiri siku ya mahakama ndipo mkaanze kukimbizana na mihuri.

La vitisho nalitaja kwa sababu huwa linaletwa na ndugu siku ya pili, wakishaongea na majirani. Mtu akilazimishwa na wenzake kwa kutishiwa kuuawa au kuumizwa vibaya palepale, na tishio hilo likamkalia muda wote, sheria inamsamehe. Tishio la "tutakuonyesha wiki ijayo" halisamehe chochote. Wewe hukuandika kwamba alitishiwa, basi lisizaliwe sasa.

Sasa huyu mwenzao aliyeandikisha kwamba mdogo wako alijua kila kitu. Usikose usingizi sana kwa hilo. Maungamo ya mshtakiwa mmoja yanayomgusa mshtakiwa mwenzake yanaweza kuzingatiwa na mahakama, lakini Sheria ya Ushahidi inakataza mtu kutiwa hatiani kwa hayo peke yake. Ni tofauti kama upande wa mashtaka utaamua kumwondoa kwenye mashtaka na kumleta kizimbani kama shahidi wao, ale kiapo na aulizwe maswali. Shahidi aliyekuwa mshiriki anaruhusiwa, na kwa maandishi ya sheria ushahidi wake unaweza kutosha hata bila wa kuuunga mkono. Kwa mazoea ya mahakama, hakimu makini hujionya: huyu ana sababu ya kumsukumia mwenzake mzigo ili wake uwe mwepesi. Atatafuta kitu kingine cha kuegemea, na hapo ndipo meseji na elfu thelathini vinapata kazi.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni maelezo ya onyo ya mdogo wako mwenyewe, yaani yale mtuhumiwa anayoandikisha polisi baada ya kuonywa, kama tayari ameyaandika. Anayo haki ya kunyamaza. Anayo haki ya kuwa na wakili au ndugu wakati wa kuhojiwa. Muda wa kuhojiwa ni saa nne tangu alipowekwa chini ya ulinzi, usipoongezwa kwa utaratibu. Vijana wa kijiweni hawayajui haya. Wakikaa pale mezani wanataka kueleweka, na katika kutaka kueleweka husema, "Afande, mimi nilishajua hawa watu si wazuri, ila njaa." Maneno hayo anayasema kama kuomba huruma. Kwenye karatasi yanasomeka kama jibu la lile swali la saa. Akisema aliyasema kwa kupigwa au kuahidiwa, upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kwamba aliyatoa kwa hiari, lakini pingamizi hilo lazima litolewe mapema, pale maelezo yanapotaka kupokelewa, si siku ya kujitetea. Mpelekeeni wakili kabla hamjampelekea chapati. Kama uwezo hauruhusu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili ya watu kama ninyi. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii au wasaidizi wa kisheria wa kata, ila mjue msaidizi wa kisheria atawaelekeza tu, hawezi kusimama mahakamani kama wakili.

Tuje kwako. Umeuliza kwa mstari mmoja mdogo, kama mtu anayebisha hodi huku akitumaini hapatakuwa na mtu.

Mtu anayempokea au kumsaidia mwingine, akijua ametenda kosa, kwa nia ya kumwezesha akwepe adhabu, anakuwa msaidizi baada ya kosa. Hahesabiwi kuwa amevunja duka, kosa lake linasimama peke yake, na adhabu yake ni ndogo kuliko ya waliovunja. Mke akimficha mumewe, au mume mkewe, sheria imewaonea huruma na kuwatoa. Dada haikumkumbuka. Kumpa mdogo wako mahali pa kulala na sahani ya makande si kosa, hata kama moyo ulikuwa mzito. Turubai juu ya pikipiki na "yuko Rombo" ndivyo vinavyosumbua, kwa sababu vinaonyesha nia. Hata hivyo msaidizi baada ya kosa anahitaji kosa la kusaidiwa. Kama mdogo wako hakujua kitu mpaka alfajiri, hana kosa, na wewe huwezi kuwa umemficha mhalifu. Hilo halifuti uongo uliowaambia askari, ambao unaweza kuwa na shida yake peke yake.

Tafuta wakili wako, tofauti na wake. Msitumie mmoja kwa kubana matumizi, kwani siku yaweza kufika ambapo kinachokufaa wewe hakimfai yeye. Mweleze huyo wakili kila kitu. Uliyomweleza wakili wako hawezi kulazimishwa kuyasema. Kisha mwende pamoja mkarekebishe ile kauli ya Rombo kwa maandishi.

Nina sababu nyingine ya kukuhimiza hivyo, na naiona kubwa kuliko zote. Dada si mke: unaweza kuitwa kutoa ushahidi. Na wewe ndiye mtu pekee uliyesikia maneno yake ya kwanza, kabla hajakamatwa, kabla hajapata mtu wa kumfundisha la kusema. "Dada, nadhani nimebeba wezi." Mwendesha mashtaka atajaribu kuyafanya kuwa kukiri. Mimi nikiyasoma naona neno "nadhani". Mtu aliyekaa Pasua akijua hasemi nadhani. Hayo yanaweza kuwa ushahidi bora kuliko wowote mtakaoupata, lakini yatatoka kinywani mwa shahidi ambaye askari wawili watasema aliwadanganya Jumamosi. Ukiwa umeshasahihisha mwenyewe, swali hilo litapita. Ukisubiri uvuliwe uongo kizimbani, "nadhani" ya mdogo wako itaondoka nao.

Kitochi, usikifute, usikitupe Mto Karanga, usikimpe kaka yenu. Kuharibu kitu unachojua kinaweza kuhitajika kama ushahidi ni kosa lake peke yake. Tena mwambieni kaka mkubwa kwamba akiwashauri mfute, mkafuta, atakuwa ndani ya kifungu kilekile cha 22 bila hata kugusa kitufe. Isitoshe meseji ina simu mbili, na ya pili iko kwa aliyeituma, na kampuni ya simu ina kumbukumbu za nani alimtumia nani saa ngapi. Ikionekana kwao na kwenu haipo, haitaulizwa tena maana ya kuzima taa. Litakaloulizwa ni la kufuta. Sikuambii ukimbie nacho kituoni leo. Mpe wakili wa mdogo wako kama kilivyo, yeye ataamua kinafikaje kinakotakiwa.

Na zile elfu thelathini kwenye kopo: hapana, usilipie wakili, wala dhamana, wala nauli ya kwenda kumwona. Ni kielelezo, yaani kitu cha kuonyeshwa mahakamani kama ushahidi. Zipeleke kwa wakili noti zilezile, usizibadilishe dukani upate chenji, na mwombe akuandikie karatasi kwamba amezipokea, tarehe na saa.